Sketi Saba za Bluu

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Najua nimechelewa sana kuitikia. Uliniamkia stendi ya Buzuruga mwaka ule ulipomaliza darasa la saba. Mimi nilikuwa nachagua nyanya, mwili umejaa, nimejifunga kanga mpya. Ulinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha ukasema, "Shikamoo. Kumbe uko mzima." Nilipopata sauti, ulikuwa umeshapanda gari la Usagara.

Nakuandikia kwa sababu shangazi yako aliyekulea hayupo tena, na yeye ndiye alikuwa shahidi wangu wa pekee. Pale matangani kwake ulisema mbele ya watu, bila hata kupaza sauti, "Ugonjwa gani huo usioua? Aseme tu alitaka kuolewa tena." Watu wakaangalia chini. Mimi nikaendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa safi tangu mwanzo.

Baba yako alikuwa mnunuzi wa sangara, miaka ile viwanda vya minofu vilipoanza kufunguliwa na mji ukajaa wageni. Alikuwa akirudi nyumbani Kirumba ananuka samaki, anakubeba mabegani, nawe unamshika masikio kama usukani. Alipoanza kukonda tulisema ni malaria, halafu tukasema ni tumbo, halafu tukaacha kusema. Alikufa wewe ukiwa na miaka sita. Nikaenda kupima damu, nikaambiwa na mimi ninavyo virusi. Wakati huo watu kama sisi hatukuwa na dawa ya kupewa. Nesi alinishika mkono akaniuliza, "Una mtoto? Basi mwandalie mambo yake mapema." Hakuwa na ubaya, alikuwa ameshaona wengi.

Sasa fundi cherehani atamwandalia mwanawe nini? Nilinunua kitambaa cha bluu nikakushonea sketi za shule saba, moja kwa kila darasa. Ya darasa la kwanza nilikupima. Zilizobaki nilibuni. Nilikusimamisha mlangoni, nikakuwaza una miaka kumi, una miaka kumi na mitatu, na kila sketi nikaiachia upindo mpana. Uliishika ile ya mwisho ukaniuliza, "Mama, hii kubwa ya nani?" Nikakwambia ni ya dada mmoja hivi. Ilikuwa yako wewe wa darasa la saba, ambaye nilijua sitamwona.

Tukavuka Kamanga na furushi lako, kwenda kwa shangazi yako. Kwenye kivuko nilikufundisha kumwita shangazi yako "mama". Ulikosea mara mbili, nikakukaripia. Unisamehe hilo kwanza, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Ulikuwa umeshamwona baba yako akiisha kidogo kidogo, na mimi sikutaka unione hivyo.

Nikarudi kungoja. Mlinzi wa kiwanda kimoja alimfahamu baba yako, akawa ananiruhusu kila Jumamosi nipande kwenye mizani ya kupimia samaki. Kilo hamsini na nane. Miezi sita ikapita, hamsini na nane. Mwaka ukapita, zikafika sitini. Nilikuwa nashuka pale kwa aibu kama mwizi, na yule mlinzi anacheka, "Shemeji, wewe unakula nini?" Majirani nao walikuwa wanangoja. Walipochoka, wengine wakasema nilimroga mume wangu, wengine wakasema majibu yangu yalikuwa ya mtu mwingine. Hilo la pili nilitamani sana liwe kweli. Nikapima tena. Virusi vilikuwepo.

Umewahi kujiuliza nani alikuwa akishusha pindo za sketi zako? Shangazi yako hakujua hata kushona kifungo, unamfahamu. Kila Januari alikuwa anavuka kuniletea sketi ya mwaka huo pamoja na uzi wenye mafundo mawili. Fundo moja lilikuwa kipimo cha kiuno chako, fundo la pili urefu mpaka magotini. Nilikuwa nimekosea kukubuni, mwanangu. Ulikua haraka kuliko nilivyokuwaza. Nilishusha upindo, nikapiga pasi, nikamrudishia, na nilimwapisha asikwambie. Niliona hakuna haja ya kukufanya unililie mara mbili.

Miaka ya karibuni ndipo daktari alinieleza. "Mama, wapo watu wachache sana ambao mwili wenyewe unavibana virusi bila dawa. Wewe ni mmoja wao." Nilimuuliza kwa nini iwe mimi na isiwe mume wangu, akasema hajui. Siku hizi nameza dawa kama wenzangu, kwa sababu anasema kazi hiyo inauchosha mwili. Alidhani nitafurahi. Mimi nilikaa kwenye benchi la kliniki nikahesabu Januari zako, moja moja, nikalia.

Lakini nisijifiche nyuma ya daktari. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nimeshaona kwamba sifi. Sikujua sababu, ila nilijiona. Ningeweza kuvuka nikakuchukua. Niliogopa kwamba nikishakuzoea tena, kesho yake nitaanza kukonda. Nikasema ngoja mwaka huu upite, nikasema hivyo na mwaka uliofuata, mpaka nikazeeka na hofu yangu. Ugonjwa haukunizuia kuja. Nilijizuia mwenyewe. Sikukutupa, na wala sikuja kukuchukua. Yote mawili ni kweli, na ukitaka kunihukumu uyachukue yote mawili.

Nyuzi zako ninazo, saba, kwenye kopo la maziwa. Nimesikia binti yako anaanza darasa la kwanza Januari. Nimeshanunua kitambaa cha bluu, kimekunjwa hapa juu ya cherehani, sijakikata. Sitaki kubuni tena, na tafadhali usinitumie uzi. Mlete mwenyewe asimame mlangoni. Na wewe ukiniamkia, hata kama ni kwa sauti ile ile ya Buzuruga, safari hii nitaitikia.

Ni mimi mama yako,
mzima.