Bunju, Bata na Mkuu wa Shule

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwaka wa nne nafundisha Kibondo, bahari naiona kwenye simu tu. Mvua. Mtandao unasuasua. Leo kwenye jukwaa letu la wapiga mbizi mtu kauliza: kila mmoja aseme kwa nini alichagua picha anayoitumia humo badala ya sura yake. Nurudini wa Mafia kaweka kasa — eti ndiye kiumbe pekee aliyewahi kumsubiri. Mama mmoja wa Tanga kaweka miwani ya kuzamia ya marehemu mumewe. Mimi, "Mwalimu wa Pangani aliyeko Kibondo" kama nilivyojiandikisha humo, nina bunju, yule samaki anayevimba akichokozwa. Nikaandika ukweli: anafanana na mkuu wangu wa shule akikasirika. Watu wamecheka mpaka jioni.

Jumanne, 4 Machi
Loyce, tunayepanga naye nyumba, kauliza nachekea nini. Wazamiaji, nikasema. Akashtuka — kumbe kadhani nataka kuzamia meli niende Ulaya. Nimemweleza hadi ugali ukapoa.

Jumatano, 5 Machi
Leo kajibu mmoja ajiitaye Kina Kirefu. Picha yake ni bata. Yuko mbali na bahari, kaandika, na kuogelea hajui, ila amesoma habari za kuzamia tangu ujana. Bata huzamisha kichwa tu, mkia ukabaki juu. "Nami ndivyo nilivyo." Nikampenda palepale. Naye kamcheka sana bunju wangu.

Nikaikuza ile picha. Nyuma ya bata, tangi la bluu lenye ufa uliozibwa kwa lami. Tangi la shule yetu. Bata wa Mwalimu Makarius — mkuu wa shule mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemtoa bunju, nimeweka ua. Kina Kirefu kauliza mbele ya wote: bunju kaenda wapi?

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya paredi mkuu kaniita ofisini. Kafunga mlango. Walimu waliozaliwa Pangani wakajua kupiga mbizi, kasema, Kibondo hii wako wangapi? Nikaanza kuomba radhi. Kanizuia kwa mkono. Mashavu yakamvimba, macho yakamtoka — nikajua nimekwisha.

Kumbe anabana pumzi. Anatazama saa ya ukutani. Sekunde arobaini na moja, akaiachia.

Likizo ya Aprili anakwenda Kigoma, ziwani, kujaribu kuzamia, na anataka niende naye. Mkewe hajui. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu Elieth, nikizidiwa majini, utanivuta?"

Nikamtazama. Yeye kilo mia na ushei. Mimi hamsini na mbili. Nikachukua kalamu mezani kwake, nikaandika: kamba, mita ishirini.