Nimelilia mufu wa wenyewe

Inès, nasikia haya mpaka nacheka peke yangu mu bus!!

Leo tulikuwa tunazika Papa Donat wa chorale yetu ya kanisa, ku cimetière ya Evere, huku bulaya. Nilichelewa. Nikaona bantu ba nguo nyeusi bamezunguka kaburi na maua. Nikajua ni siye.

Bon, nikaanza kulia ya kwetu Bukavu. "Papa eee! Unatuachia nani?" Nikajitupa chini. CHINI, Inès, na pagne ya kitenge mupya! Hata sikujiuliza shimo iko wapi.

Nainua macho: bote bazungu. Kaburi ni ya musoda wa Canada, askari alikufa mu vita mwaka wa 1944, bamekuja kumukumbuka. Alikuwa na miaka makumi mbili tu!

Nikaomba pardon. Maman mumoja muzee, anasema français ya Québec, akanishika mukono. "Ni tonton yangu, ndugu ya baba. Alikuwa anashona viatu, hakuacha mutoto. Hapa hakuna muntu alishamulilia. Endelea."

ENDELEA, Inès!!

Nikaendelea, donc.

Kisha akanifuata kwa Papa Donat, mwenye hakumujua hata jina. Tunafika tu, akatupa sakoshi yake ya mukono chini: "Papa eee!"

Alilia kutushinda siye bote.