Kichwa Namba Nne

Astoria, Queens
Jumatano

Dada yangu Loretta,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku tunakotetemeka kwa baridi. Goti linaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi za kanisani kwa ubishi? Na shemeji Stan, ameacha kukoroma, au umeshamhamishia kwenye kochi? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Kazi ya wigi ndiyo hiyo.

Najua swali lako, maana umeshanipigia simu mara tatu wiki hii: nani ataigiza yule mjane kwenye ule mchezo wa nyimbo utakaorushwa mubashara kwenye televisheni mwezi Desemba? Dada, mji mzima hauna habari nyingine. Muuza kahawa wa hapa jirani anaapa ni yule mwimbaji mwenye meno mengi. Mama wa duka la dobi kamwona mtu mwenye miwani mikubwa akiingia jengo la mazoezi, basi, keshamtangaza. Petrakis, tunayeshona naye meza moja, amewekeana dau la donati na kila mtu, tena kwa majina kumi na mawili, eti hawezi kukosa yote.

Nilikuwa nakwambia sijui, na kweli sikujua. Kwetu vichwa huja bila majina. Muigizaji anazungushiwa kichwani nailoni ya kufungia chakula, inabandikwa selotepu mpaka inakuwa ngumu, kisha mstari wa nywele unachorwa juu yake kwa kalamu. Kofia hiyo ndiyo tunayoletewa, na namba tu. Mjane alikuwa Kichwa Namba Nne. Petrakis aliigeuza kofia yake huku na huku kama anayechagua tikiti, akasema kichwa kidogo hivi ni cha mtu mkali. Nikamwambia akome, alete uzi.

Halafu nikaona. Juu ya sikio la kushoto, aliyepima alikuwa amechora duara lenye mkia: hapo nywele hazioti, tusichomeke pini. Loo! Lile ni kovu la Corinne. Mdogo wetu Corinne, muigizaji wetu, ambaye tangu mazishi ya Mama, miaka tisa sasa, hajatutumia hata kadi ya Krismasi. Katika majina yote yaliyotajwa mjini, la kwake hakulitaja mtu.

Nilitia saini karatasi: nikitoa siri kabla ya tangazo la kesho, kazi sina. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Barua itakufikia Jumamosi, ukiwa umeshamwona kwenye habari na umeshapiga makelele.

Juzi Jumatatu alikuja kujaribu wigi. Petrakis alimtazama, akaninong'oneza kwamba huyu naye katokea wapi, donati zake zote zimekwenda. Corinne aliketi mbele ya kioo. Nikaanza kuchomeka pini, nikipakwepa pale penye kovu bila kuangalia mchoro. Akasema naona unapajua vizuri, Gerri. Si wewe uliyenitia kovu hapo?

Dada, sasa nisikilize, na usiichane barua. Siku ile tulipocheza maigizo barazani kwetu Scranton, ukampa Corinne umalkia, tulikwambia ameteleza akapasuka kichwa. Hakuteleza. Nilimsukuma mimi, kwa wivu. Baba akakuchapa wewe mkanda kwa kutotuangalia, na mimi nilikuwa jikoni nakula mkate na siagi, nasikia kila kipigo. Nilimwomba Corinne anyamaze, akanyamaza. Na kwenye mazishi, ulipomwambia mbele ya watu kwamba tangu utotoni anajiangusha ili wewe upigwe, nilikuwa nimeshika sahani ya saladi. Sikufungua mdomo. Alichukua koti lake akaondoka, na wewe ukaniuliza ana nini huyu. Nikakwambia sijui.

Naona haya, Loretta. Nilimwomba radhi palepale, nikilia mpaka gundi ya wigi ikalowa. Akasema kovu ameshalisamehe siku nyingi. Mkanda si wake kuusamehe, nikuandikie mwenyewe.

Msalimie Stan, na umkumbatie mwanenu Duncan. Corinne amepewa viti viwili vya jamaa kwa usiku wa onyesho. Kimoja kina jina lako. Cha pili, amesema, utaamua wewe nani akikalie.

Mdogo wako asiyestahili,
Geraldine