Dawa Iko Duka Gani

Kaka yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Benki wamenikopesha! Mimi huyu, mwenye kompyuta moja na kiti kinachoyumba!

Unaikumbuka tovuti yangu, ile inayowaambia watu dawa yao inapatikana duka gani? Afisa mikopo alikuja kuona ofisi, nikamkaribisha jikoni. Mama akahamisha sufuria ili mgeni apate pa kuweka mkoba. Nikamwambia mapema kwamba sina nyumba wala kiwanja cha kuweka rehani. Akacheka.

"Dada, mkopo huu serikali ndiyo inakudhamini. Wewe lipa kwa wakati tu."

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa!

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Chumba chako tumekipaka rangi.

Afisa aliniuliza pia wazo hili nililitoa wapi. Nikamsimulia siku ile ulipozunguka maduka tisa kutafuta dawa ya baba, ukaipata kwenye la tisa, ukarudi mbio, ukatukuta tunalia. Tangu mazishi hujakanyaga hapa, na anayekulaumu ni wewe peke yako.

Kaka, lile duka la tisa ndilo lililokuwa la kwanza kujiunga na tovuti yangu. Siku hizi mtu akiuliza, anajibiwa kabla hajavaa viatu.

Rudi nyumbani. Siku ile ulikimbia ulivyoweza. Hakuwepo tu wa kukuambia uanzie wapi.

Ni mimi mdogo wako, mdaiwa mpya wa benki.