Jumamosi Barabara Ilipoziba

Korongo la Tamarack, Utah
Februari

Wifi yangu mpendwa Lenora,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba goti lako limetulia. Sisi tupo, wifi, ila kuwapo kwetu si kule unakokujua.

Unaukumbuka ule mvutano wa kuwataka wageni waweke nafasi kabla ya kuja kuteleza kwenye theluji. Katika mkutano wa kwanza, mimi ndiye niliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisema mgahawa wangu unaishi kwa watu wanaoamka, wakaona theluji mpya, wakapanda gari. Kaka yako, anayeendesha viti vya kupandisha watu mlimani, akasimama na kusema kwamba barabara ni moja na mlima umeelemewa. Nikamkata mbele za watu: "Royce, kaa chini bwana, wewe hata meza ya chakula hujawahi kuweka nafasi!" Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye pia alicheka. Pendekezo likaanguka.

Jumamosi iliyofuata theluji ilishuka kwa wingi, magari yakaziba korongo lote hadi barabara kuu. Mgahawa ulifurika. Royce aliingia jikoni kuchukua kahawa, kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Gari la wagonjwa lilikwama huko chini kwenye foleni. Waokoaji wakamfunga kwenye machela ya kuteleza, wakamburuta kando ya magari yaliyosimama. Nilikimbia nyuma yao na aproni yangu. Mtu mmoja akashusha kioo akaniuliza, "Mama, huko juu bado kuna pa kuegesha?"

Wifi, nisamehe. Kwenye simu nilikwambia ameteguka bega. Nilikudanganya. Ni kiharusi. Daktari ameniambia waziwazi kwamba tungewahi, dawa ingemsaidia. Sasa upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamempotea. Nikimlisha ananitazama tu, nami sijui kama amenisamehe au ananiuliza kwa nini.

Jana mkutano uliitishwa tena. Nilisimama kuiombea sheria ile ile niliyoiua. Delmar, yule anayekodisha vifaa vya kutelezea, akaniambia, "Corinne, pole sana na mzee, lakini sisi tukale wapi?" Mwezi uliopita ningempigia makofi. Mikono ikainuliwa, tukashindwa. Tulipotoka, hakuna aliyenitazama usoni.

Sina mwingine wa kumlilia. Njoo, wifi, nisaidie kumgeuza kitandani. Ongea naye mambo yenu ya utotoni, pengine sauti yako itamfungua ulimi. Mimi yangu naiogopa.

Wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Ila ukija, njoo siku ya kazi. Theluji imeanza tena, na Jumamosi hutafika.

Wifi yako anayekuhitaji,
Corinne