Neno la Mjomba na Kioo Cheusi

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungwa tano bila kwenye gemu ya mpira. Kama kawaida nimelaumu kioo cha kompyuta. Leo nilikuwa na haki: kina mstari wa kijani katikati, golikipa wangu akisimama pale hana kichwa. Vijana wanaolipia kucheza wamecheka. Nimewaambia waende kwao wakanywe uji.

Mwajuma, mtoto wa dada yangu Zena, hakucheka. Kioo ni chake. Mchana anahariri video za harusi, jioni anakodisha michezo. Sasa kimezeeka, kinadanganya rangi. Bibi harusi wa juzi katoka na uso wa kijani. Mama mtu amekuja juu: "Nilikukabidhi mwanangu, umenirudishia mchicha." Nikacheka. Halafu nikajuta. Mwajuma alikuwa analia jikoni.

Jumanne, 4 Juni
Dukani kwa Karim, muuza vioo vya kompyuta mjini. Shule yangu iliishia la nne lakini nimeelewa. Viko vioo vya aina mbili. IPS ina taa nyuma, inawaka muda wote, kwa hiyo nyeusi yake ni majivu. OLED kila nukta inawaka yenyewe. Pasipotakiwa mwanga, inazima. Nyeusi kwelikweli. Karim kaniwekea mpira. Mpira unapita kama mbayuwayu, hauachi mkia. Nimeganda pale mpaka akaniuliza anikatie tiketi.

Naitaka OLED. Naandika hapa tu.

Jumatano, 5 Juni
Pesa ya kioo imetoka kwenye ndizi za shamba la ukoo, kule Mkuyuni. Kitu cha pesa ya shamba la ukoo hakinunuliwi mpaka mjomba aseme. Ndivyo tulivyo Waluguru. Baba wa mtoto yupo, ana kiti chake, anaheshimiwa. Neno ni la mjomba. Na mjomba, kwa bahati yao mbaya, ni mimi.

Tukiwa tunakula Mwajuma akauliza, "Mjomba, tuchukue ipi?"

"Chukua OLED. Nyeusi yake kama masufuria ya mama yako."

Wakacheka wote. Nilikuwa natania. Nilitaka wacheke kwanza, nifikirie baadaye. Zena tu hakucheka. Alikusanya sahani, akasema, "Basi. Mjomba amesema."

Ningeweza kusema ngoja kwanza. Sikusema, maana ndiyo niliyoitaka.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala nikapita kwa Karim kujisifu. Mwajuma ameshalipa, boksi linatoka Dar kesho. Karim akajikuna shingo.

"Mzee wangu, binti anakaa na kioo muda gani?"

Kutwa.

"Na picha inatulia?"

Inatulia. Ile mistari yake ya kuhariri iko chini palepale tangu asubuhi. Akienda sokoni anaiacha mashine ipike video, yaani iimalizie yenyewe, ndivyo wanavyosema. Karim akasema picha ikikaa sana mahali pamoja, OLED huishika. Si leo wala mwezi huu. Ila iko siku utaona alama, na haifutiki. Tena chumba chenyewe kina dirisha kubwa, jua linaingia mpaka mezani. IPS ingestahimili yote hayo.

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Uliniuliza habari za mpira, mzee."

Kweli. Sikuuliza la harusi hata moja.

Jumamosi, 8 Juni
Boksi limefika. Karim anasema likiwa halijachanwa anatubadilishia. Likichanwa ni letu. Mwajuma ana harusi ya kupiga picha Mzinga, atalifungua Jumatatu. Wameliweka chini ya kitanda changu kwa usalama. Usalama gani. Nalala juu ya jipu.

Jumapili, 9 Juni
Sijala. Naogopa.

Mjomba akirudisha neno lake kwa ajili ya kioo, kesho akisema la shamba nani atamsikiliza? Mume wa Zena miaka yote ananiita Mjomba Kichekesho. Atashiba kicheko wiki nzima. Nisiporudisha, Mwajuma atakuja kuhariri nyuso za watu juu ya alama. Wateja wataondoka, naye atawafuata wenzake waliokimbilia Dar. Ndizi za kununua kioo kingine hazipo.

Asubuhi nilijaribu kusema. Kikatoka kichekesho. Wakacheka. Mdomo huu ungefungwa kamba.

Jumatatu, 10 Juni
Mwajuma alishashika kisu. Nikaweka mkono juu ya boksi.

"Usifungue. Mjomba amekosea."

Wakaanza kucheka, wamenizoea. Nikarudia. Nikalivuta boksi kwangu, wakaacha kucheka. Nikawaeleza ya Karim yote. Kisha lile lililobaki: kwamba mimi nilikuwa nautaka mpira tu. Shemeji akafungua mdomo. Zena akamwangalia. Akaufunga.

Mwajuma akaweka kisu mezani. Akasema taratibu, "Hayo ya alama nilishayasoma kwenye simu, Mjomba."

"Mbona hukusema?"

"Ulishasema wewe. Mimi ni nani?"

Hilo limeniuma kuliko kicheko chote cha shemeji. Mtoto alijua, akakubali kuharibikiwa kwa sababu ya utani wangu wa mezani.

Boksi limerudi kwa Karim. Nimelibeba mwenyewe. Mgongo unaniambia umri wangu.

Alhamisi, 13 Juni
IPS iko mezani. Nyeusi yake maji ya kuoshea sufuria. Nimefungwa nne, na sasa sina wa kumlaumu.

Yule mama wa mchicha amerudi kuona video ya mwanae. Alikaa pembeni, kwenye benchi, jua limejaa chumbani. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Eeh. Huyu ndiye." Mwajuma akainama, akajifanya anatafuta waya.

Jioni Zena alikuwa anajiandaa kwenda Mkuyuni. Akaniuliza migomba ipi ikatwe, ya juu au ya karibu na mto. Nikamwambia ya juu.

Akasimama mlangoni kidogo, ananitazama, kama anayesubiri nicheke, niseme natania.

Sikucheka.

Akachukua panga, akaenda.