Daraja la Alby

Jumatatu, 5 Novemba 1984
Treni imejaa. Kazini, kwenye kampuni ya bima ya magari, majedwali yaleyale: umri wa dereva, kilomita, eneo. Mkuu wangu, Margit, anataka Alby, mtaa wa pembezoni mwa jiji, iwe daraja la peke yake, ada ya juu kuliko zote. Madai ya ajali yamezidi. Sikusema kwamba ninaishi huko.

Jumatano, 7 Novemba
Nina shaka. Madereva wengi wa Alby ni vijana, tena wanaendesha sana. Tukiyatazama madai ya eneo peke yake, kijana atatozwa mara mbili: kwa umri wake, kisha kwa mtaa wake. Lazima vipimo vyote vikokotolewe kwa pamoja. Nimeiachia kompyuta.

Ijumaa, 9 Novemba
Majibu yametoka. Tofauti ya Alby imepungua sana. Haijaisha. Nilitaka iishe. Nimekasirika, na hakuna wa kumkasirikia.

Jumapili, 11 Novemba
Mdogo wangu Zuhura alikuja na mumewe Ssali, Mganda; nao wanaishi Alby. Ssali husafisha ofisi alfajiri, kabla treni hazijaanza. Bila gari hana kazi. Aliuliza kama ni kweli bima itapanda. Nikasema huenda.
“Kwa hiyo shemeji, nikihamia mjini na gari hilihili, nitakuwa dereva mwema?”
Waliondoka mapema. Zuhura hakuniaga.

Jumanne, 13 Novemba
Kikao. Nilieleza habari ya kutoza mara mbili. Pia kwamba magari ya Alby ni machache. Mwaka mmoja mbaya hauthibitishi kitu. Tuipe rekodi yake uzito kiasi, uzito uliobaki utoke maeneo yanayofanana nayo. Mmoja akauliza ninakaa wapi.
“Alby.”
Margit akasema hesabu ni sahihi, popote ninapolala. Alby imewekwa daraja la kati. Bado ni nyongeza. Ndiyo haki yake kwa hesabu, na mimi ndiye niliyeipiga.

Ijumaa, 16 Novemba
Niliamka mapema nimwambie Ssali mwenyewe. Nilimkuta akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikamweleza: itapanda, ila si kama walivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho.
“Afadhali nimesikia kwako, shemeji. Ingia, baridi.”
Akanipeleka mpaka kazini. Barabara tupu. Alisimama kwenye kila kivuko cha waenda kwa miguu, hata pasipokuwa na mtu.